Joseph Lister, daktari aliyekitangulia kidonda

Wengi wetu tuliowahi kufanyiwa upasuaji tulichomwa sindano ya antibiotiki muda mfupi kabla ya kisu. Kidonda bado hakijakuwapo, nasi tayari tunakingwa kisioze. Wazo hili la kutangulia linatupeleka Glasgow, Uskoti, kwa daktari Joseph Lister.

Alizaliwa mwaka 1827 karibu na London, katika familia ya Waquaker. Baba yake, mfanyabiashara wa divai, alitengeneza lenzi bora za hadubini, hivyo kijana alikua akijua kwamba kuna viumbe hai visivyoonekana kwa macho matupu. Ujuzi huo wenzake wengi hawakuujali.

Wadi za siku zile zilinuka usaha, na madaktari wakailaumu hewa mbaya. Kati ya wagonjwa 35 ambao Lister aliwakata mguu au mkono mwaka 1864 na mwaka 1866, walikufa 16. Fikirini uzito wa kurudi nyumbani na hesabu hiyo! Ndipo mwalimu mwenzake wa kemia, Thomas Anderson, alipomweleza kazi za Louis Pasteur, aliyeonyesha kwamba kuoza huletwa na vijidudu. Lister akaamua kuviua kabla havijaota ndani ya nyama. Alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle ulitumia asidi ya kaboliki kuondoa uvundo wa maji machafu, akaichukua hiyo.

Agosti 1865 aliletewa James Greenlees, mtoto wa miaka 11. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limemvunja mguu na ngozi ikapasuka. Jeraha la namna hiyo mara nyingi liliishia kwenye msumeno. Lister alilifunika kwa kitambaa kilicholowa kaboliki, akasubiri. Usaha haukuja. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga. Na waliokatwa viungo miaka ya 1867 hadi 1869 walikuwa 40, walikufa 6.

Alikosea pia. Kwa miaka mingi alinyunyiza kaboliki hewani, ikiwakera wote chumbani; mwaka 1890 alikiri hadharani kwamba haikuhitajika. Sisi tunampenda zaidi kwa hilo.

Mkewe Agnes, aliyemwandikia kumbukumbu za majaribio yake, alifariki mwaka 1893. Lister alimfuata Februari 1912. Ibada ilifanyika Westminster Abbey, lakini hakuzikwa humo pamoja na wakuu. Alikuwa ameagiza alazwe kando ya Agnes, katika makaburi ya Hampstead.