SUSANNA WESLEY: MAMA ALIYECHUNGA KANISA JIKONI

Somo: 2 Timotheo 1:5

Paulo alipoitaja imani ya Timotheo, hakuanzia kwa maaskofu. Alianzia kwa nyanya na mama, Loisi na Eunike. Wiki hii nawaletea mama mwingine wa namna hiyo. Nawaandikia hasa akina mama wa hapa Kachibora ambao huniambia hawana huduma yoyote, ati kazi yao ni watoto, ng'ombe na mahindi tu.

Susanna alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1669. Babake alikuwa mchungaji, na yeye alikuwa mtoto wa 25 katika nyumba hiyo. Mwaka wa 1688 aliolewa na mchungaji Samuel Wesley, na baadaye wakahamia Epworth, mji mdogo wa wakulima. Hapo alikaa karibu miaka 40 akiwa mama mchungaji. Alizaa watoto 19, na tisa kati yao wakafa wakiwa wachanga. Mama aliyezika mtoto mmoja anajua uzito wake. Huyu alizika tisa, na bado akaamka asubuhi kuwapikia waliobaki.

Wengine hudhani nyumba ya mchungaji haina shida. Wapi! Mzee Samuel alikuwa msomi na mshairi, lakini pesa zilimshinda. Mwaka wa 1705 alitupwa gerezani kwa sababu ya deni, na maadui zake wakawadunga visu ng'ombe wake ili familia ikose hata maziwa. Susanna akamtumia mumewe pete zake azitumie kupunguza deni. Mzee akazirudisha. Askofu mkuu alipomuuliza kama waliwahi kukosa chakula, alijibu kwamba kukosa kabisa hapana, lakini taabu ya kukipata na kukilipia ilikifanya kiwe kichungu mdomoni. Mwenye deni la mbolea na karo pamoja anamwelewa huyu mama vizuri sana.

Hata ndoa ilitikiswa. Susanna hakuitikia Amina mumewe alipomwombea Mfalme William, kwa sababu hakumtambua kuwa mfalme halali. Mzee akakasirika, akaenda zake London kwa miezi kadhaa. Mfalme akafa mwaka wa 1702, mzee akarudi, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, John. Februari 1709 nyumba yao ikaungua usiku. John, wa miaka mitano, alibaki juu ghorofani. Jirani mmoja akapanda mabegani mwa mwenzake, wakamtoa dirishani, na papo hapo paa likaanguka.

Sasa sikieni alichofanya katikati ya hayo yote. Mtoto alipotimiza miaka mitano, kesho yake alianza kusoma, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa Mwanzo sura ya kwanza. Wasichana walifundishwa kusoma kabla ya kufundishwa kazi za nyumbani, jambo ambalo siku hizo halikuwa la kawaida. Baadaye alisikia habari za wamisionari waliotumwa kutoka Denmark kwenda India, na moyo wake ukawaka. Yeye hangeweza kwenda India. Basi akaanza na shamba lililokuwa mlangoni pake: kila jioni akaketi na mtoto mmoja, peke yao, kuzungumza habari za roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John. Jumamosi ilikuwa ya Charles. John alipokuwa mtu mzima, msomi wa Oxford, bado aliitamani ile jioni ya Alhamisi.

Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, mzee akiwa London kwa mkutano wa kanisa, Susanna alikusanya watoto Jumapili jioni, akawasomea mahubiri na kuomba. Kijana wa kazi akawaambia wazazi wake, nao wakaomba kuja. Wakafika 30, wakafika 40, mwisho wakapita 200. Mhubiri msaidizi akashtaki, na mzee akaandika kumsihi aache. Susanna alimjibu kwa heshima lakini bila kutetemeka: kama ni lazima aache, mumewe asimwombe bali amwamuru kabisa, ili siku ya hukumu lawama ya roho hizo isiwe juu yake. Amri hiyo haikuja.

Nisiwadanganye, wapendwa. Si watoto wote walimpa furaha. Ndoa za mabinti wake kadhaa zilikuwa za machozi. Mzee alipofariki mwaka wa 1735, Susanna hakuwa na mali, akaishi kwa watoto wake. Lakini alidumu mpaka akamwona John akihubiri uwanjani kwa maelfu na Charles akiandika nyimbo ambazo hata sisi tunaziimba. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa John, London. Mtu asiye kasisi alipoanza kuhubiri na John akataka kumzuia, mama mzee alimwonya apime kwanza matunda. John akapima, akamwacha ahubiri. Susanna alilala Julai 1742, akiwa na miaka 73, na aliwaomba watoto wake waimbe zaburi ya sifa atakapoondoka.

Kutoka kwa wana hao kulitoka Wamethodisti, ambao walifika pwani yetu mwaka wa 1862. Mafundisho yao ya utakatifu ndiyo yaliyoandaa njia ya uamsho wa Kipentekoste. Kwa hiyo moto tunaojivunia ulipitia jikoni kwa mama mmoja mwenye deni.

Mama, huna mimbari? Una jioni. Wiki hii chagua mtoto mmoja, zima redio, weka simu kando, uketi naye. Kesho chukua mwingine. Yule aliyepotea, usimfute katika orodha. Siku yake ikifika, mwombee. Na wewe baba, usimzuie.

Tuombe: Bwana, bariki kazi ya mama ambayo hakuna anayeipigia makofi. Amina.