Aliyetekwa Mara Mbili: Maisha ya Cynthia Ann Parker

Najua wengi wenu mnapenda hadithi za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vya angani na viumbe wa sayari nyingine. Kuna kisa kimoja humo ambacho waandishi hawachoki nacho: mtoto wa binadamu anatekwa na viumbe maadui, analelewa nao, anakua akisema lugha yao. Halafu siku moja binadamu wenzake wanakuja kumkomboa. Je, atashangilia au atalia? Mimi leo nataka kuwasimulia kwamba kisa hiki hakikuhitaji sayari nyingine. Kilitokea hapa hapa duniani, kule Marekani, na kilimpata mwanamke aliyeitwa Cynthia Ann Parker.

Cynthia Ann alizaliwa katika jimbo la Illinois mnamo mwaka wa 1827 hivi. Alipokuwa bado mdogo, jamaa zake walihamia Texas kutafuta mashamba. Wakajenga ngome ya magogo karibu na mto Navasota, wakaiita Fort Parker. Lakini nchi hiyo haikuwa tupu. Kulikuwa na Wakomanche, wenyeji hodari wa kupanda farasi na kuwinda nyati, ambao waliona wageni wakizidi kumega ardhi. Basi uadui ukawa mkubwa, huku na huku.

Tarehe 19 Mei 1836, wapiganaji wa Kikomanche na washirika wao waliivamia ngome hiyo. Wanaume watano waliuawa, akiwemo Silas, baba yake Cynthia Ann. Watu watano wakatekwa, akiwemo yeye na mdogo wake John. Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Hebu fikiria, msomaji, mtoto wa miaka tisa anapakiwa juu ya farasi na watu waliomuua babake!

Ungedhani angewachukia mpaka kufa. Thubutu! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wakomanche walimfanya mtoto wao. Wakampa jina la Naduah. Akajifunza kuchuna ngozi za nyati, kuhamahama na kambi, na kusema Kikomanche mpaka Kiingereza kikampotea. Alipokua aliolewa na Peta Nocona, kiongozi wa vita, wakajaliwa watoto watatu: Quanah, Pecos na binti aliyeitwa Topsannah. Katika miaka ya 1840 wazungu waliokutana naye kambini walitaka kumnunua arudi kwao. Mwenyewe akakataa katakata.

Hapo ndipo kisanga cha pili kilipoanza. Mnamo Desemba 1860, askari wa Texas walivamia kambi karibu na mto Pease. Katika vurugu wakamkamata mwanamke aliyembeba mtoto mchanga. Kumtazama vizuri, eti ana macho ya buluu! Ami yake, Isaac Parker, akaitwa kumtambua. Magazeti yakashangilia. Mwaka wa 1861 bunge la Texas likampa ardhi na dola 100 kila mwaka kwa miaka mitano. Kwa wazungu, ndugu yao aliyepotea alikuwa amepatikana.

Na yeye je? Kuna picha yake iliyopigwa siku hizo. Amemwekea Topsannah titi, na nywele zake zimekatwa fupi. Miongoni mwa Wakomanche, kukata nywele namna hiyo ni alama ya matanga. Mwanamke huyu alikuwa akiomboleza! Alijaribu kutoroka mara kadhaa ili awafuate wanawe, na kila mara akarudishwa. Alihamishwa kutoka nyumba ya jamaa huyu hadi ya yule. Kisha maradhi yakamchukua Topsannah, mtoto pekee aliyebaki naye. Cynthia Ann mwenyewe alifariki mnamo 1870 hivi, bila kuwaona tena wanawe wa kiume.

Wengi husema alitekwa mara moja na kukombolewa mara moja. Mimi nasema alitekwa mara mbili. Mara ya kwanza alinyang'anywa wazazi, mara ya pili akanyang'anywa watoto. Tofauti ni kwamba waliomteka mara ya pili walidhani wanamtendea wema, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza anataka nini. Damu ni nzito kuliko maji, ni kweli. Lakini wahenga walisema pia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mwanawe Quanah hakumsahau. Alipigana na wazungu mpaka mwaka wa 1875, alipowaongoza watu wake kusalimu amri huko Fort Sill, Oklahoma. Baadaye akajiita Quanah Parker, kwa jina la ukoo wa mama, akawa kiongozi aliyesikilizwa na pande zote mbili. Mwaka wa 1910 aliyatoa mabaki ya mamake Texas, akayazika karibu na kwake Oklahoma. Miezi michache baadaye, Februari 1911, naye akaaga dunia, akazikwa kando yake.

Basi, ndugu msomaji, ukikutana tena na hadithi ya mtoto aliyelelewa na viumbe wa mbali, usiharakishe kuuliza ni nani mwenye haki naye. Kwanza muulize mtoto mwenyewe: kwenu ni wapi?