Padri D'Agostino: Daktari aliyewafuata watoto hadi vibandani

MWANAFUNZI wa udaktari anayejitolea katika mitaa ya mabanda ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, atafaidika sana akiyajua maisha ya Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyefariki dunia mnamo Novemba 20, 2006 akiwa na umri wa miaka 80.

Alizaliwa mwaka 1926 mjini Providence, Marekani, katika familia ya wahamiaji kutoka Italia. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 1949, akawa daktari wa upasuaji na kutumikia Jeshi la Wanahewa la nchi yake. Mwaka 1955 aliacha cheo na mapato, akajiunga na Wajesuiti. Alirudi darasani kusomea maradhi ya akili, na mwaka 1966 akapewa upadri.

Miaka ya 1980 alikuja Afrika Mashariki kuwahudumia wakimbizi. Nairobi ikamwonyesha msiba mwingine. Watoto wachanga waliodhaniwa kuwa na virusi vya Ukimwi walikuwa wakitelekezwa, na makao ya mayatima yakisita kuwapokea. Kwa utaalamu wake alifahamu kwamba mtoto mchanga hubeba kingamwili za mama yake, hivyo kipimo cha wakati huo kingeweza kumtia hatiani asiye na virusi. Wengi wao wangebainika kuwa wazima, mradi wapate wa kuwalea. Mwaka 1992, akishirikiana na Sista Mary Owens, alifungua makao ya Nyumbani. Walianza na watoto watatu.

Hata hivyo, hakuna makao ambayo yangewatosha watoto wote wa Nairobi. Isitoshe, wengi wao walikuwa na nyanya au shangazi aliyewapenda ila hana uwezo. Ndipo mwaka 1998 mpango wa Lea Toto ulipoanzishwa Kangemi, na baadaye ukaenea hadi mitaa mingine, zikiwemo Kibera na Kawangware. Wauguzi, washauri na wahudumu wa kujitolea, wakazi wa mitaa hiyohiyo, waliingia vichochoroni kumtafuta mtoto kwao. Walimfundisha mlezi jinsi ya kumlisha na kumtunza bila kumwondoa katika jamaa yake.

Padri huyo hakuogopa mabishano. Mwaka 2001, wakati dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilikuwa ghali mno kwa maskini, alitangaza hadharani kwamba angeagiza za bei nafuu kutoka nje. Na watoto wake walipozuiwa kujiunga na shule za umma, ingawa elimu ya msingi ilikuwa bila malipo tangu 2003, kesi ilipelekwa mahakamani. Mapema mwaka 2004 serikali ilikubali wapokewe. Kabla ya kufariki aliona pia kuanza kwa kijiji cha Nyumbani huko Kitui, ambako mayatima na wazee waliopoteza watoto wao huishi pamoja kama jamaa.

Mwanafunzi hujitolea kwa majuma machache, kisha hurudi chuoni. Anayebaki na mtoto ni mlezi wake, pamoja na jirani anayebisha mlango kuuliza kama dawa imemezwa. D'Agostino, bingwa wa upasuaji na wa maradhi ya akili, alilitambua hilo, akaukabidhi utabibu mikononi mwa majirani. Ndiyo maana kazi yake haikuzikwa pamoja naye.