Gertrude Caton-Thompson

Gertrude Caton-Thompson (London, Uingereza, 1 Februari 1888 – Broadway, Worcestershire, 18 Aprili 1985) alikuwa mwanaakiolojia Mwingereza. Anakumbukwa hasa kwa kuthibitisha kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika.

Maisha ya awali

Baba yake alifariki Gertrude akiwa bado mtoto mdogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika wizara ya usafiri wa meli. Alianza masomo ya akiolojia mwaka 1921 tu, akiwa na miaka 33, chini ya Flinders Petrie huko London. Baadaye alichimba nchini Misri, na katika bonde la Fayum alishirikiana na mwanajiolojia Elinor Wight Gardner.

Utafiti wa Zimbabwe Kuu

Wakati huo magofu ya Zimbabwe Kuu yalikuwa ndani ya koloni la Rhodesia ya Kusini. Walowezi wengi walidai kwamba kuta zile za mawe, juu ya kilima na bondeni, zilijengwa na Wafoinike au watu wa Malkia wa Sheba. Dai hilo liliwafaa: kama wajenzi walikuwa wageni, basi wenyeji hawakuwa na historia ya kuwazuia. David Randall-MacIver alikuwa amelikanusha tangu mwaka 1905, lakini hakusikilizwa.

Mwaka 1929 Caton-Thompson alitumwa na Shirika la Uingereza la Maendeleo ya Sayansi. Wasaidizi wake walikuwa wanawake wawili, Kathleen Kenyon na Dorothy Norie. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba wachimbaji waliotangulia, hasa Richard Hall, walikuwa wameondoa na kutupa tabaka nyingi za udongo. Kwa hiyo alichagua magofu ya Maund, sehemu ya bondeni iliyokuwa haijaguswa, akaichimba tabaka kwa tabaka. Alichimba pia chini ya mnara mkubwa.

Chini ya sakafu ambazo hazikuwa zimevurugwa alikuta vigae vya vyungu vya kienyeji pamoja na shanga za kioo. Shanga hizo zilifika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, nazo zilimsaidia kukadiria umri wa kuta: ni za zama za kati, wala si za kale za Biblia. Alipotoa matokeo yake mwaka huohuo nchini Afrika Kusini, Raymond Dart alimpinga kwa hasira. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1931. Hata hivyo kina maneno ya dharau kuhusu akili za wajenzi haohao aliowatetea.

Vipimo vya kaboni vilivyofuata vilirekebisha tarehe zake, na leo mji huo huwekwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Sarafu ya Kilwa ya sultani al-Hasan ibn Sulaiman, iliyopatikana hapo baadaye, inaonyesha uhusiano na pwani ya Waswahili.

Miaka ya baadaye

Alichimba Kharga (Misri) na Hadhramaut (Yemeni). Mwaka 1946 alipewa Nishani ya Huxley. Barua za watu walioendelea kumbishia kuhusu Zimbabwe alizihifadhi katika faili aliloliandika kuwa la wendawazimu.