Malpighi, mbwa wake na kazi ya bandama

Marcello Malpighi alizaliwa mwaka 1628 huko Crevalcore, karibu na mji wa Bologna, Italia. Alifiwa na wazazi wake angali kijana, lakini hakuacha masomo, akahitimu udaktari mwaka 1653. Mwaka 1661, akichunguza mapafu ya chura kwa hadubini, aliona mishipa midogo mno inayopitisha damu kutoka ateri kwenda vena. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameiona.

Mwaka 1666 alichapisha maelezo ya viungo vya ndani, ikiwemo bandama, iliyo chini ya mbavu upande wa kushoto. Ndani yake aliona vinundu vidogo vyeupe. Pia aliwahi kufunga mishipa ya damu ya bandama ya mbwa. Kidonda kilipona na mbwa akaendelea kuishi. Sasa bandama ina kazi gani?

Mwaka 1684 nyumba yake iliungua pamoja na hadubini na maandishi yake. Mwaka 1691 aliitwa Roma kuwa daktari wa Papa, na huko alifariki mwaka 1694 bila kupata jibu kamili.

Leo tunajua kuwa bandama ni chujio la damu, na vile vinundu ni vituo vya kinga. Mbwa akiondolewa bandama, chembe sahani zake huongezeka, na chembe nyekundu hubaki na mabaki ya kiini ambayo bandama ingeyasafisha. Vimelea vya damu vilivyojificha mwilini, kama babesia inayoenezwa na kupe, vinaweza kuamka na kumletea upungufu wa damu.

Kwa binadamu hali inafanana. Asiye na bandama huishi, lakini bakteria wa nimonia wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua kwa siku moja au mbili. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu azingatie hili: bandama ya mtoto huyo huharibika mapema, hata bila upasuaji.

Hivyo basi, hakikisha mtoto anapata chanjo zote, anakunywa penisilini kama alivyoandikiwa na analala ndani ya chandarua. Akipata homa, hata kama anacheza, usisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari mapema kwamba bandama yake haifanyi kazi au imeondolewa.