Nyuma ya Maajabu ya Ripley Palikuwa na Msomaji

Kila niwaelezapo wanafunzi wangu hapa Kilifi kwamba mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga, hawakosi wa kuguna. Mguno huo hunikumbusha Robert Ripley, Mmarekani aliyetajirika kwa miguno ya namna hiyo.

Ripley alizaliwa mwaka 1890 huko Santa Rosa, California. Desemba 1918, akiwa mchoraji wa michezo katika gazeti moja la New York, alikusanya visa vya ajabu vya wanamichezo na kuvichora pamoja. Wasomaji walivutiwa, naye akaendelea, akiwapa changamoto waamini au wakatae. Mwaka 1929 alitoa kitabu, na michoro yake ikaanza kusambazwa na shirika la William Randolph Hearst. Yakafuata matangazo ya redio, sinema fupi, na jumba la maajabu katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1933. Alifariki mwaka 1949, miezi michache baada ya kuingia katika televisheni.

Kwangu mimi, mwalimu wa lugha, kisa kikuu ni cha mwaka 1927. Charles Lindbergh alipovuka Atlantiki kwa ndege bila kutua, Ripley alichora kwamba huyo ni mtu wa 67 kufanya hivyo. Barua za hasira zikamiminika. Hata hivyo, hesabu ilisimama: Alcock na Brown walitangulia mwaka 1919, na wengine walivuka kwa vyombo viwili vilivyoelea kwa gesi, mwaka 1919 na 1924. Lindbergh alikuwa wa kwanza kuvuka peke yake, na ni maneno hayo mawili waliyoyasahau waliokasirika.

Lakini ushahidi wa maajabu hayo haukujileta wenyewe. Tangu mwaka 1923 hadi 1975, Norbert Pearlroth, mjuzi wa lugha nyingi, alipekua vitabu katika maktaba ya umma ya New York. Sifa zilimwendea mchoraji. Msomaji huyu hakujulikana. Hapo ndipo ninapomlaumu Ripley.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiguna kuhusu twiga wa Malindi, tusimkemee, kwani shaka ni mwanzo wa elimu. Tumwelekeze maktabani, akasome yaliyoandikwa kuhusu kumbukumbu za Wachina. Naye akirejea na ushahidi, asisahau kumtaja aliyemtangulia kuutafuta.