Mgema Akisifiwa: Funzo la Maisha ya Linus Pauling

Leo nimeona heri niwasimulie walimu na wanafunzi maisha ya Linus Pauling, mwanakemia mashuhuri wa Marekani. Sisi wa Kehancha, sawa na jirani zetu wa kandokando ya Ziwa Victoria, tuna sababu ya kuyatafakari.

Pauling alizaliwa mwaka wa 1901 mjini Portland. Baba yake, aliyekuwa mwuza dawa, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka tisa tu. Licha ya ufukara huo alisoma kwa bidii hadi akawa bingwa wa kueleza jinsi atomu zinavyoshikamana. Mwaka wa 1949, yeye na wenzake walionyesha kwamba selimundu, maradhi ya kurithi yanayowatesa watoto wengi wa eneo letu, yatokana na kasoro ya himoglobini ndani ya damu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1954, kisha ile ya Amani ya 1962 kwa kupinga majaribio ya silaha za nyuklia.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka wa 1970 alichapisha kitabu akidai kwamba vitamini C kwa wingi huzuia mafua. Baadaye alidai kuwa huwafaa hata wagonjwa wa saratani. Madaktari wa Mayo waliwapima wagonjwa, na katika matokeo ya 1979 na 1985 hawakuona nafuu yoyote. Pauling hakusadiki. Alishikilia imani yake hadi alipofariki mwaka wa 1994.

Naamini kosa lake lingali hai. Wako wazazi wenye watoto wa selimundu ambao hununua vidonge vya kila aina, wakidhani kwamba kifaacho kikiwa kidogo kitafaa zaidi kikiwa kingi. Sivyo. Vitamini A ikizidi hurundikana katika ini na kulidhuru. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huwa na madini mengi ya chuma mwilini. Vidonge vya chuma humzidishia madhara, na vitamini C nyingi huufanya mwili ufyonze chuma zaidi. Hata asidi ya foliki, ambayo madaktari huwapa watoto hao, hutolewa kwa kipimo.

Walimu, tuwahimize wazazi wabebe vidonge vyote wampavyo mtoto waendapo kliniki, ili daktari aamue kipi kiendelee na kipi kiachwe.